Faida za Refa wa Pili

Katika Jamhuri ya Watulivu, nchi ambayo joto lake huyeyusha mishumaa ingali dukani, mchezo wa taifa ni magongo ya barafuni. Wageni hushangaa. Wenyeji waliacha zamani, maana kushangaa hadharani kulihitaji kibali.

Mchezo huo uliletwa na Mlezi wa Taifa mwenyewe. Alikwenda ziarani katika nchi moja ya baridi, akapelekwa uwanjani kupumzisha akili, akaona vijana wa vyuo wakikimbizana juu ya barafu kwa viatu vyenye vyuma, wakigombea kisahani cheusi cha mpira kwa magongo yaliyopinda. Wenyeji wake wakampa achague zawadi ya kurudi nayo: mashine za kusafisha figo, au uwanja wa barafu. Akachagua yenye paa kubwa. Aliposhuka kwenye ndege alitangaza kwamba taifa lisiloweza kusimama juu ya barafu haliwezi kusimama popote, na tangu hapo kila chuo kikaamriwa kuwa na timu. Siku za mechi umeme wote wa mji mkuu ulielekezwa uwanjani ili barafu isiyeyuke. Hospitali Kuu iligawiwa tochi.

Refa alikuwa mmoja tu nchi nzima, naye ni Mwalimu Sikudhani Mtonga, mjane wa makamo aliyekuwa akifundisha netiboli katika shule ya wasichana. Wizara ilimpeleka kwenye ile nchi ya baridi akasomee uamuzi, kwa kuwa mtu aliyeteuliwa kwanza, shemeji wa mtu fulani, alisikia huko watu hulala na soksi akakataa. Sikudhani akaenda. Akarudi na cheti, kikohozi, na imani kwamba sheria za mchezo ziliandikwa ili zifuatwe. Kikohozi kilipona.

Mambo yalimharibikia siku Chuo cha Uongozi kilipocheza na Chuo cha Ualimu. Chuo cha Uongozi ndiko watoto wa wakubwa hujifunza kuwa wakubwa. Nahodha wao aliitwa Jabali, mpwa wa Mlezi, kijana mwenye kimo cha mlango na tabia ya kufuli. Chuo cha Ualimu kilikuwa na kijana mwembamba aitwaye Anselmi Ndauka, aliyejifunza kuteleza kwenye sakafu ya bweni iliyomwagwa sabuni, na sasa alikuwa akipita katikati ya watoto wa wakubwa kana kwamba hawapo. Alifunga goli. Akafunga na la pili. Hapo Jabali akamwambia kitu sikioni, na Anselmi akacheka.

Kisahani kilipigwa kuelekea upande wa pili, na Sikudhani akakifuata kama alivyofundishwa. Nyuma yake akasikia mlio kama wa ubao unaopasuliwa, kisha akasikia umati wote ukivuta pumzi. Alipogeuka, Anselmi alikuwa amelala kifudifudi, damu inatambaa kwenye barafu, na Jabali amesimama mbali kidogo akilitazama gongo lake kama mtu anayelikagua kabla ya kulinunua.

Kila aliyekuwa uwanjani aliona. Lakini kanuni ilisema kilichotokea ni kile alichokiona refa, na refa alikuwa amegeuka. Walipomwuliza, Sikudhani alijibu kweli tupu.

"Sikuona."

Basi Wizara ya Michezo na Utii ikatangaza kwamba mchezaji mmoja aliteleza, akalala. Timu ya Ualimu ikapewa onyo kali kwa kuchafua barafu ya taifa kwa damu isiyoidhinishwa.

*

Sikudhani alikwenda hospitali kumtazama. Anselmi alikuwa kitandani ametulia kabisa kuanzia kifuani kwenda chini, na pembeni alikaa mama yake, mwanamke mfupi muuza maandazi, akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Wewe ndiye yule refa?" Mama Anselmi aliuliza.

"Ndiye mimi, mama. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Wanasema mwanangu aliteleza."

"Ndivyo walivyotangaza."

"Wewe ulimwona akiteleza?"

"Sikumwona kabisa. Nilikuwa nafuata kile kisahani. Kilikuwa mbele, yeye yuko nyuma yangu."

Mama Anselmi aliendelea kupepea. Hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililomkata Sikudhani maini.

"Mimi nikiwa na mafuta jikoni na mtoto anatambaa mlangoni," mama akasema, "namwita jirani, namwambia, jirani eh, niangalizie huyu. Huko kwenu barafuni hakuna jirani?"

"Kwenye nchi nyingine yupo. Wanaweka marefa wawili. Mmoja anafuata kisahani, wa pili anabaki nyuma kuangalia wale walio mbali nacho. Watu huumizwa huko nyuma zaidi."

"Sasa mbona mnalijua halafu hamlifanyi?" Akamkazia macho. "Mimi sitaki kitu, Mwalimu. Nataka isemwe tu kwamba alipigwa. Hakuteleza. Huyu hajateleza tangu anazaliwa."

Sikudhani aliahidi. Ahadi ile ilimtoka kabla hajaipima.

*

Waziri wa Michezo na Utii, Dokta Pangrasi Lukoo, alimpokea ofisini chini ya picha ya Mlezi. Picha ilikuwa kubwa kuliko ukuta, hata ikabidi ukuta uongezwe. Sikudhani alieleza faida za marefa wawili kwa utaratibu, kama anavyowaeleza wasichana wa netiboli: macho mawili mbele, macho mawili nyuma, vijana watacheza bila woga, mkosaji hatapata pa kujificha.

"Mwalimu," Waziri alisema kwa upole, "una waume wangapi?"

"Nilikuwa naye mmoja, Mheshimiwa. Ni marehemu."

"Unaona! Hata huyo mmoja hayupo, na unaishi vizuri. Sasa mchezo utashindwaje kuishi na refa mmoja? Jua ni moja. Mlezi ni mmoja. Leo unataka marefa wawili. Kesho utataka nini kiwe viwili?" Akaitupia picha jicho, akashusha sauti. "Nani anakutuma?"

"Ni mambo ya kozi mliyonipeleka, Mheshimiwa. Watu hupigwa pale ambapo hakuna anayetazama."

Karani aliyekuwa akipiga taipu pembeni akaacha.

"Unasema katika nchi hii," Waziri akauliza polepole, "watu hupigwa pale ambapo hakuna anayetazama?"

"Nasema uwanjani."

"Kwani uwanja uko nje ya nchi?"

Sikudhani alisimamishwa kazi ya ualimu ili apate nafasi ya kutafakari. Wanaume wawili waliovaa miwani ya jua wakawa wanakuja kukaa nje ya nyumba yake kumsaidia kutafakari. Majirani waliokuwa wakimwazima chumvi wakagundua kwamba chumvi kwa kweli haina faida mwilini.

Huenda angetafakari hadi leo. Ila Mlezi alipata kwikwi. Daktari akamshauri apumzike, akawashiwa televisheni, na kwenye televisheni palikuwa na mechi ya vyuo vya ile nchi ya baridi. Mlezi aliitazama, akapigwa na kwikwi, akanyoosha kidole.

"Wale wana marefa wawili wenye fulana za mistari. Sisi tuna mmoja. Tumepungukiwa nini?"

Kufikia chakula cha mchana, nchi nzima ilikuwa imewaunga mkono marefa wawili tangu enzi na enzi. Kitambaa kikatundikwa kukatisha barabara kuu: MAREFA WAWILI, MAENDELEO MARA MBILI. Watumishi wakakatwa mshahara wa siku moja kwa hiari. Waziri Lukoo alifika nyumbani kwa Sikudhani na wapiga picha, akamkumbatia mbele ya wale wanaume wa miwani ya jua, ambao walipiga makofi.

"Mwalimu, si nilikwambia!" alisema Waziri.

Sikudhani aliangalia kamera, akaangalia Waziri, akamfikiria Mama Anselmi. Akatabasamu. Alikuwa tayari kukumbatiwa na yeyote, mradi isemwe kwamba kijana yule alipigwa.

*

Sheria ilisomwa uwanjani, mbele ya umati ulioletwa kwa malori. Iliitwa Sheria ya Umoja wa Macho, na Waziri aliisoma akiwa amevaa koti zito la manyoya, jasho linamchuruzika.

"Ndugu Watulivu! Jicho ni kiungo cha fujo. Wawili wakitazama kitu kimoja, huyu anaona hivi, yule anaona vile, ugomvi unaanza. Sisi hatutaki ugomvi. Kwa hiyo tukio litakuwa tukio likionwa na marefa wote wawili. Akiona mmoja peke yake, amejionea ya kwake."

Umati ukashangilia. Sikudhani naye alikuwa ameshapiga makofi mara mbili kabla maana ya maneno hayajamfikia.

"Na kwa kuwa huko nyuma," Waziri akaendelea, "refa alikuwa mmoja, yote yaliyoonekana na yasiyoonekana yalikosa jicho la pili. Yalitokea bila utaratibu. Kwa hiyo hayakutokea!"

Sikudhani alitoka uwanjani kabla ya gwaride, akaenda Hospitali Kuu kwa miguu. Kitanda cha Anselmi kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa. Nesi alikuwa akimulika makabati kwa tochi.

"Yuko wapi kijana wangu?"

"Ameruhusiwa. Waraka umetoka Wizarani kwamba hakuna aliyeumia. Mtu mzima mwenye afya yake hatuwezi kumlaza, mama. Vitanda ni vya wagonjwa."

"Lakini hawezi kusimama!"

"Ndiyo maana tumembeba," nesi alisema. Kisha akaizima tochi, kwa sababu hakutaka usoni pake paonekane.

*

Refa wa pili alikuwa Bwana Ladislaus Chamwande. Alitoka Idara ya Itifaki, ambako kwa maisha yake yote alikuwa amewaonyesha watu mahali pa kusimama. Alikuwa mzee nadhifu, mpole, mwenye sauti ya msomaji wa kanisani, na alimwita Sikudhani "dada" kwa heshima isiyo na hila. Kuteleza hakujua. Alitengenezewa kiti chenye vyuma chini, na askari wawili wakawa wanakisukuma juu ya barafu.

Tabu haikuwa kiti. Tabu ilikuwa itifaki. Juu ya jukwaa la wakubwa palikuwa na kiti cha Mlezi, na hakuna mtumishi wa serikali aliyeruhusiwa kukipa kisogo hata Mlezi akiwa hayupo, na Mlezi hakuwapo kamwe, kwa sababu baridi ya uwanjani ilimletea mafua. Kwa hiyo Bwana Chamwande alizungushwa uwanja mzima huku uso wake ukikielekea kile kiti kitupu. Mechi zikachezwa. Magongo yalitua migongoni, meno yakakusanywa kwenye kofia. Sikudhani alipuliza filimbi hadi midomo ikavimba, na kila alipoinua mkono umati uligeuka kumtazama Bwana Chamwande, naye akasema kwa masikitiko ya kweli:

"Samahani, dada. Nilikuwa natazama huku."

Jumapili moja Sikudhani alimfuata baada ya ibada, akamwomba amsindikize mahali. Hakumwambia ni wapi. Alimpeleka kwa Mama Anselmi, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la mkaa. Anselmi alikuwa amelazwa kwenye mkeka sebuleni, mto chini ya magoti, nzi wakifukuzwa kwa zamu na wadogo zake. Chumba kilikuwa na harufu ya kidonda.

Bwana Chamwande alivua kofia. Akatafuta la kusema katika yote aliyowahi kusema kwenye sherehe.

"Kijana amelala kwa heshima sana," alisema hatimaye.

"Mgongo umeanza kuoza, baba," Mama Anselmi alisema. "Namgeuza mchana, namgeuza usiku. Mimi na hawa watoto. Hospitali wana kitanda cha kupandisha na kushusha."

Bwana Chamwande akachutama, mzee mzima na suruali yake ya pasi, akamsalimia Anselmi kwa kumshika mkono. Walipotoka nje alifuta miwani yake muda mrefu.

"Dada, wewe unadhani mimi sioni?" akasema. "Naona sana. Nimekaa Itifaki, nimeona watu wakiondolewa kwenye viti vyao wakiwa bado wanakula. Walioondolewa ni wale waliogeuza shingo kutazama."

"Mara moja tu, Bwana Chamwande. Geuka mara moja."

Mzee alimwomba tu amwonyeshe njia fupi ya kurudi barabarani.

*

Mechi ya marudiano kati ya Uongozi na Ualimu ilichezwa siku ya joto kali kuliko zote. Nafasi ya Anselmi alipewa mwenzake wa bweni, Tumsifu Kalembo, ambaye alikuwa mnene na mcheshi. Hakuwa na kipaji, alikuwa na bidii. Karibu na mapumziko, kwa kubahatisha kabisa, kisahani kiligonga mguu wake kikaingia golini. Tumsifu aliangalia mguu, akaangalia goli, akaruka kwa furaha.

Jabali alimjia kwa mbele, bila haraka. Safari hii Sikudhani alikuwa pale pale, karibu kiasi cha kusikia gongo likipita hewani. Liliangukia shingoni. Tumsifu alikaa chini kama mtu aliyechoka, kisha akalala ubavu.

Filimbi ililia. Sikudhani aliinua mkono, na uwanja mzima ukageuka, kama kawaida, kumtazama Bwana Chamwande kwenye kiti chake.

Bwana Chamwande alikuwa anakitazama kiti cha Mlezi. Askari waliomsukuma walisimama. Kisha shingo ya mzee ikaanza kuzunguka, polepole, kama bawaba iliyoshika kutu. Ilipita jukwaa la wakubwa, ikapita bendera, ikafika kwa Tumsifu na damu iliyomtoka. Mzee alitazama. Alitazama vizuri. Akainua mkono.

Sikudhani alisikia kelele ambazo hakuwahi kuzisikia katika nchi ile. Watu walioletwa kwa malori walisimama juu ya mabenchi, wengine wanalia, mtu asiyemjua jirani yake akawa anamkumbatia. Tukio limetokea! Kwa mara ya kwanza katika Jamhuri ya Watulivu, kitu kilikuwa kimetokea mbele ya macho ya wote na serikali ikakiona. Sikudhani alijikuta amepiga magoti kando ya Tumsifu, amemshika kichwa, anamwambia, "Wameona, mwanangu. Wameona."

Bendi ikaamriwa kupiga wimbo wa taifa, na watu ikabidi wanyamaze na kusimama wima.

*

Jioni ile ile waliitwa Wizarani. Bwana Chamwande aliulizwa kwanza, Sikudhani akiwa amekaa kando yake.

"Eleza ulichokiona," Waziri Lukoo alisema.

Bwana Chamwande aliikazia macho ile picha kubwa.

"Niliona shingo ya mchezaji Tumsifu Kalembo," alisema, kila neno amelipiga pasi, "ikitoka mahali pake, ikaenda kwa kasi, ikaligonga gongo la nahodha Jabali."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Sikudhani akasimama. Waziri alimgeukia kwa furaha.

"Mwalimu, sasa ni wewe. Ukikubali maelezo haya, macho yana umoja, na tukio lipo. Ukikataa, macho hayana umoja, tukio halipo."

"Tumsifu alipigwa! Mimi nilikuwa pale, ningeweza kulidaka lile gongo!"

"Hayo ni ya kwako peke yako. Unakataa?"

Aliomba dakika ya kutoka nje. Kwenye ujia Bwana Chamwande alimfuata, akamshika kiwiko, akanong'ona huku akitabasamu kwa ajili ya askari waliokuwa wakiwatazama.

"Dada, usinichukie. Nimemtafutia kitanda."

"Umemfanya mhalifu!"

"Ndiyo. Mhalifu aliyeumia anatibiwa, maana lazima apone ndipo aadhibiwe. Atapewa kitanda, askari wa kumlinda, wali wa mchana. Yule mwingine ambaye hana kosa, amepewa nini?"

Sikudhani aliufikiria ule mkeka. Alifikiria harufu ya kile chumba. Akarudi ndani, akatia sahihi, na Waziri akainama kuupuliza wino kwa mdomo wake mwenyewe ili ukauke upesi.

*

Habari zilimfikia Mama Anselmi kabla ya jua kupanda. Alikuja na beseni lake la maandazi kichwani, hakuuza njiani, akalitua mlangoni kwa Sikudhani.

"Nasikia yule kijana mwingine kapata kitanda."

"Kapata, mama. Lakini amefungwa pingu kwenye kitanda. Wameandika kosa ni lake."

"Kitanda ni kile cha kupandisha na kushusha?"

"Ni kile."

Mama Anselmi akakaa kwenye kizingiti.

"Basi na mwanangu mpe kosa."

Sikudhani alidhani amesikia vibaya. "Mama, wewe ndiye uliyetaka isemwe kwamba alipigwa."

"Nilitaka nilipokuwa na nguvu za kutaka. Sasa namgeuza, nyama inabaki kwenye shuka." Alisema hivyo bila kulia, kama anayeeleza bei. "Sema alimpiga yule Jabali. Sema alimtukana mamake. Sema lolote wanalolipenda, Mwalimu. Huyu mtoto hajawahi kufanya kosa, hata moja la kupewa halipatikani?"

Sikudhani alijifunga kanga akaenda kwa Bwana Chamwande. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe cha chai chini.

"Siku hiyo ya Anselmi mimi nilikuwa wapi?"

"Hukuwapo. Ulikuwa hata hujateuliwa."

"Nilikuwa nyumbani, naumwa jino," alikumbuka. "Basi niliona vizuri sana. Jino halikuniacha nisinzie."

Waziri Lukoo alifurahi kupita kiasi. Alikuwa akitafuta mifano ya kuweka katika hotuba yake juu ya faida za marefa wawili, na hii ilikuwa nzuri kuliko zote. Alisema redioni kwamba tangu kuanzishwa kwa Umoja wa Macho, taifa limeweza kuona hata makosa ya zamani, makosa yaliyokuwa yamejificha ndani ya watu waliolala.

Gari la polisi lilipoingia mtaa wa soko la mkaa, majirani walifunga milango. Mama Anselmi peke yake ndiye aliyetoka mbio kulipokea, anapunga mikono yote miwili.

"Huku, wanangu, huku! Mhalifu yuko huku!"

Alikuwa amemwosha, amemvika shati jeupe la mahafali. Askari walikuwa vijana, hawakujua watazame wapi. Walimwinua na mkeka wake.

"Mama," Anselmi alisema walipomfunga pingu, "nimefanya nini?"

"Umefanya vizuri, mwanangu," mama akamjibu, akamfuta jasho kwenye paji la uso.

*

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda. Anselmi na Tumsifu walilazwa kitanda kwa kitanda, kila mmoja na pingu yake. Tumsifu akawa anamwigiza Waziri, na askari wa zamu akawa anageukia ukutani ili acheke. Kidonda cha mgongoni kilisafishwa, kikaanza kukauka pembeni. Siku moja nesi aligusa unyayo wa Anselmi kwa kijiko baridi, na kidole gumba kikajikunja. Mama Anselmi aliomba kiguswe tena. Kikajikunja tena. Sikudhani, ambaye tangu atie sahihi hakuwa amelala usingizi wa kueleweka, usiku huo alilala hadi asubuhi.

Kisha ikaja Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Mlezi. Kwa desturi Mlezi huifurahia siku hiyo kwa kuwahurumia watu. Redio ya wodini ilikuwa imewashwa kwa sauti, ndivyo inavyoagizwa, na wote wakasikia pamoja: Mlezi, kwa moyo wake mkunjufu, amewasamehe wakosaji wote wa barafuni, kuanzia dakika hii.

Waziri Lukoo alifika mwenyewe na wapiga picha. Marefa wote wawili waliletwa nao wasimame kando, Bwana Chamwande amevaa suti, macho juu kwenye picha ya Mlezi iliyotundikwa wodini. Nesi alikuwa ameshaanza kukunja shuka upande wa miguuni. Askari akautoa ufunguo, lakini pingu ya Anselmi ilikuwa imeshikwa. Mama Anselmi ameikumbatia kwa mikono miwili, paji la uso limegusa chuma cha kitanda.

"Mama, mwanao amesamehewa," Waziri alisema, akigeuza bega ili kamera imwone. "Yuko huru."

"Hatutaki."

"Msamaha wa Mlezi haukataliwi. Kuukataa ni kosa kubwa."

Sikudhani alisikia moyo wake ukiruka. Akajitokeza mbele.

"Mheshimiwa, umesikia mwenyewe. Wameukataa. Ni kosa. Mimi nimeona, na Bwana Chamwande ameona. Waacheni na pingu zao."

Bwana Chamwande alikuwa ameshainua mkono.

Waziri aliwatazama wote wawili kwa upendo mkubwa, kama mzazi anayewatazama watoto waliojitahidi.

"Hilo nalo limesamehewa," akasema. "Mlezi hufikiria yote."

Mkono wa Bwana Chamwande ulibaki juu kwa muda, kisha ukashuka. Askari alimtoa Mama Anselmi vidole kimoja kimoja, akimwita mama, akimwomba radhi, akimwambia kwamba pingu ni mali ya serikali. Tumsifu aliweza kutembea, akashikiliwa na nduguze. Anselmi alibebwa: mama yake akashika mabega, Sikudhani akashika miguu, na Bwana Chamwande akatangulia kufungua milango. Mto, kwa kuwa ni mali ya hospitali, waliurudisha.

Nje, kwenye ngazi za hospitali, kwaya ya watumishi ilikuwa imejipanga kumshukuru Mlezi kwa huruma yake, na haikuruhusiwa mtu kupita mbele ya kwaya inapoimba. Bwana Chamwande aliijua vizuri kanuni hiyo. Akageuka, akawafanyia ishara wasubiri. Wakasimama pale juani, kijana mikononi, mpaka wimbo uishe, nao ulikuwa mrefu.